Magurudumu Sita na Macho ya Papa

Juzi nilipita nyuma ya soko, pale vijana wanapochomelea vyuma vya kutengenezea mbabula, yaani majiko ya makaa, na upepo wa ziwa ukanijia na harufu ya mafuta yanayoungua juu ya chuma cha moto. Nilisimama hapohapo. Mama mmoja aliyebeba kichwani beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, akanigonga mgongoni na kuniuliza kama njia nimeinunua. Mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu, nimesimama katikati ya njia nikinusa chuma, na moyoni nina hasira ya mtoto wa miaka kumi. Kuna wenzangu ambao harufu huwarudisha kwenye sikukuu au kwenye chungu cha bibi. Mimi hunirudisha kwenye siku nilipomponza baba yangu mpaka akatolewa kazini. Nalisema mapema, sitaki mtu anifuate hadi mwisho akitumaini kwamba nitaokoka.

Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa fundi wa vyuma katika karakana ya reli hapa Kalemie. Nyinyi mliokulia katika kambi ya wafanyakazi wa reli mnakumbuka nyumba zetu: vyumba viwili, sakafu ya saruji, bomba la maji kwa kila safu ya nyumba, na jiko dogo nyuma. Mnakumbuka pia sheria yake, ambayo hata mtoto anayenyonya aliijua: kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha. Tuliona majirani wakitoa vitanda nje asubuhi, na jioni watu wengine wakaingiza vyao. Hatukulia sana. Tulikwenda kuangalia kama wameacha kitu cha kuchezea.

Mwaka ule ninaousema, shefu, mkubwa wa karakana, alimwita Papa na kumpa kazi isiyo ya kawaida. Wakubwa wa reli walikuwa wanakuja kutoka Lubumbashi, na shefu alitaka kuwaonyesha injini ndogo ya moshi, mfano wa zile za zamani, yenye tangi la maji, moto wa kweli na mvuke wa kweli. Urefu wake ungekuwa kama meza yetu ya kulia. Papa alikuwa ameanza kazi akiwa kijana juu ya injini zile, na waliozijua pamoja naye wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Shefu akamwahidi kwamba injini ikitembea mbele ya wakubwa, atafanywa moniteri, yaani mwalimu wa vijana wanaojifunza ufundi. Moniteri hapandi ngazi wala habebi mizigo, na nyumba anabaki nayo miaka na miaka. Mama alitueleza hayo akichambua mchele, sauti chini, kana kwamba majirani wangetuibia.

Kitu ambacho Mama hakutueleza ni kwamba Papa alikuwa anapofuka. Miaka ya moto wa kuchomelea ilikuwa imemla macho. Aliona mwanga, aliona maumbo ya watu, lakini rangi zilikuwa zimemtoka na kingo za vitu zilikuwa zimeyeyuka. Karakana ikijua, hakuna cha moniteri wala cha nyumba. Kwa hiyo nyumbani jambo hilo halikutajwa hata mara moja, na mimi, mtoto wa mwisho na msemaji kuliko wote, ndiye niliyefichwa zaidi.

Dalili zilikuwepo, kama ningekuwa na akili. Kila kitu ndani ya nyumba kilikuwa na mahali pake, na ole wako ukihamisha kikombe. Asubuhi tulitoka pamoja, mimi nikienda shuleni na yeye kazini, na njia nzima mkono wake ulikuwa begani kwangu. Wenzangu baba zao walitangulia mbele bila hata kugeuka. Mimi wangu alinishika mpaka kwenye lango la karakana, na nilitembea kifua mbele, nikiamini kwamba katika kambi yote hakuna mtoto anayependwa kama mimi.

Sasa nieleze magurudumu, maana kisa chote kiko hapo. Gurudumu la treni si kitu kimoja. Ndani kuna gurudumu lenyewe la chuma cha kusubu, na juu yake limevikwa tairi la chuma cha pua, ambalo karakanani waliliita bandaje. Tairi hilo halifungwi kwa bolti wala halichomelewi. Linakerezwa liwe dogo kuliko gurudumu, dogo kwa unene wa karatasi ya sigara, halafu linapashwa moto hadi linapanuka, linavikwa upesi, na likipoa linabana na halitoki tena. Siri yote iko kwenye kiasi cha moto. Chuma kilichosuguliwa kikapendeza hubadilika rangi kinapopata joto, na fundi huisoma rangi kama mpishi anavyosoma mafuta ya kukaangia. Moto ukiwa kidogo, tairi linakwama katikati ya njia. Ukizidi, linaharibika.

Injini ya Papa ilikuwa na magurudumu sita, kila moja kama sahani ya kikombe cha chai. Matairi yalikerezwa na rafiki yake, Papa Kalunga, fundi wa mashine ya kukereza, saa wenzao walipokwenda kula. Papa akayaleta nyumbani yamefungwa katika gazeti la zamani. Nilimuuliza kwa nini hakuyavika kulekule kazini penye tanuru kubwa. Akasema huku kuna utulivu.

Tulifanyia kazi jikoni, alasiri, mimi nikitoka shuleni na yeye kazini, mlango ukiwa umerudishwa nusu ili giza litusaidie. Aliweka bamba la chuma juu ya mbabula, tairi juu ya bamba, na gurudumu juu ya tofali pembeni. Mimi nilichuchumaa karibu kiasi kwamba nyusi ziliniwasha.

"Angalia pale kwa ukingo," aliniambia. "Iko rangi gani?"

"Iko nyeupe bado, Papa."

"Ngoja. Na sasa?"

"Inaanza kuwa kama asali."

"Hiyo bado. Kisha asali itakuja rangi ya biringanya. Kisha biringanya itakuja bluu, kama jupe yako ya masomo. Ikifika ile bluu ya jupe, unasema. Usiharakishe, usichelewe."

"Na ikipita bluu?"

"Ikipita inakuwa rangi ya majivu, na tumeiharibu."

Niliangalia chuma mpaka machozi yakanitoka kwa moto. Asali ikaenea, ikakolea, ikageuka biringanya, na halafu bluu ikaingia kutoka pembeni, nzuri ajabu, sijapata kuona bluu kama ile hata ziwani. Nikasema bluu. Akauliza kama ni bluu kabisa. Nikasema bluu ya jupe, ile sketi yangu ya shule. Hapo mkono wake wa kulia ukalibana tairi kwa koleo na wa kushoto ukawa tayari juu ya gurudumu, vidole vikipapasa ukingo, na tairi likashuka mahali pake bila kelele. Ncha za vidole vyake ziliungua kila mara. Niliona malengelenge nikafikiri mafundi wakubwa hawaogopi moto.

Maji hayakuruhusiwa kabisa. Tairi liliachwa lipoe lenyewe, na baada ya muda lililia kidogo, tik, likiwa limebana. Papa aliligonga kwa ufunguo, akasikiliza mlio wake, akasema "Sawa." Hakuwa mtu wa sifa.

Nami nilielewaje mambo hayo? Nilikuwa darasa la nne kwa masista, na huko nilikuwa nimejifunza kwamba mkubwa anauliza jambo analolijua. Sista anajua saba mara nane ni ngapi, anataka kuona kama wewe unajua. Basi Papa alipouliza rangi, alikuwa ananitahini. Alikuwa ananifundisha ufundi kwa siri, mimi msichana, akawaacha kaka zangu wakipiga mpira. Niliziweka alama zangu kichwani: tairi la kwanza kumi juu ya kumi, la pili kumi juu ya kumi.

La tatu nilianguka. Jua lilipenya kwenye tundu la bati likapiga juu ya chuma, nami kwa kiherehere changu nikasema bluu ilhali ilikuwa biringanya. Tairi likaingia nusu, upande, likauma. Papa akalipiga kwa nyundo ya mbao, likakataa. Ilibidi alikate kwa patasi, siku mbili za kazi, kisha Papa Kalunga akereze lingine. Nilikasirika kuliko yeye. Nilimuuliza kwa nini hakunikatalia, kama aliona kwamba nimekosea.

Alipapasa makali ya patasi kwa kidole gumba.

"Ulisema bluu," akajibu. "Mie nilikuamini."

Nililia nikidhani ni lawama. Ilikuwa habari tu. Alinieleza mambo yote kwa maneno manne na sikusikia hata moja. Mama alikuwa mlangoni, alisikia, na angeweza kunivuta sikio akaniambia: mtoto weye, Papa yako haoni, funga kinywa. Akarudi kuchochea sombe yake, mboga ya majani ya mihogo. Nimemsamehe Mama mambo mengi, hilo bado.

Matatu yaliyobaki niliyasoma bila kosa, na lile la kurudia pia. Injini ikakamilika, ikapakwa rangi nyeusi na kaka yangu mkubwa, ikabebwa na wanaume wanne mpaka uwanja wa karakana.

Siku ya wakubwa, familia za kambi ziliitwa. Nilivaa sare ya shule iliyopigwa pasi. Papa alivaa koti lake la kanisani, mkono begani kwangu, tukasimama mbele kabisa karibu na injini iliyowekwa juu ya kipande cha reli. Mkubwa mmoja kutoka Lubumbashi, mtu wa tumbo na kicheko, mwenye kalamu kadhaa mfukoni, aliinama akagonga tairi kwa funguo za gari lake. Likalia vizuri. Akasimama, ameridhika.

"Hii imebana kabisa. Ulipasha mpaka rangi gani, Papa?"

"Mpaka bluu, shefu."

"Na bado unaonaka bluu muzuri, na huu umri?"

Alikuwa anatania. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekula vizuri anayetaka kila mtu afurahi.

"Naona," alisema Papa.

Hapo nikaona haki yangu inapita. Sita juu ya sita, moja la kurudia, na hakuna aliyenitaja. Nilipandisha kidevu.

"Hapana," nikasema. "Mie njo nilikuwa naona. Papa alikuwa ananiuliza rangi, mie nasema. Zote sita ni mie."

Watu walicheka. Yule mkubwa alicheka kuliko wote, akachomoa kalamu mfukoni na kuiinua mbele ya uso wa Papa.

"Mutoto anakushitaki. Tuone basi, Papa. Hii iko rangi gani?"

Vidole vya Papa vilinibana bega. Vilibana mara mbili, kwa nguvu, na nilielewa anataka nini, hilo siwezi kulikana. Kalamu ilikuwa ya kijani. Ningeweza kulisema neno hilo bila kufungua meno. Lakini Sista alikuwa ametufundisha kwamba anayemnong'onezea mwenzake jibu la mtihani ni mwizi sawa na anayepokea, na mimi nilikuwa mtoto mwenye alama nzuri. Nikanyamaza. Isitoshe nilifikiri, Papa anajua, anataka tu kuona kama nitaiba.

"Nyekundu," alisema Papa.

Kicheko kilikatika. Papa Kalunga akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho. Yule mkubwa alirudisha kalamu mfukoni taratibu, na naamini alijuta, lakini alikuwa amekwisha kuuliza. Shefu wetu akaangalia viatu vyake, halafu akaamuru bomba la mvuke lifunguliwe. Injini ikapiga mvuke, ikatembea mpaka mwisho wa kipande cha reli, ikarudi, na hakuna tairi lililolegea. Watu wakapiga makofi machache. Tulipoondoka, Papa aliuondoa mkono wake begani kwangu akaushika mkono wa Papa Kalunga, nami nikatembea nyuma yao.

Barua ya kumwachisha kazi ilikuja kwa Kifaransa, yenye shukrani nyingi. Injini ilibaki ofisini. Sisi tukatoa vitanda nje, watoto wa majirani wakaja kuangalia kama tumeacha kitu, na tukapanda treni kwenda Niemba, kwa mdogo wake Papa, kulima mihogo. Mama alikuwa mtoto wa mjini, hakuwahi kushika jembe. Mikono yake ilipasuka msimu wa kwanza. Hakuna aliyenipiga. Nilikuwa nangojea kipigo kila jioni, kama mtu anayengojea mvua iliyokwisha kutanda, na hakikuja. Papa alinijibu nilipomsalimu, alipokea chakula nilichompelekea, na basi. Akitaka kujua jambo, nani amepita njiani, mbuzi yupi amefunguka, aliwauliza wengine. Kidogokidogo ile picha yangu ya mtihani ikaanza kupasuka, na nilipokuwa na miaka kumi na mbili nilikuwa nimeelewa yote peke yangu. Mdomo huponza kichwa, wanasema wazee. Wangu uliponza cha mwingine.

Nilirudi Kalemie kusoma, nikilala kwa shangazi, nikawa mwalimu, nikazeeka kidogo. Siku moja, kwenye harusi, nilikalishwa karibu na yule shefu wa karakana wa zamani. Alikuwa amekonda, anatembea kwa fimbo. Nilipomwambia mimi ni mtoto wa nani, aliweka chini sahani yake.

"Papa yako, bote tulikuwa tunajua kama haoni," alisema. "Kalunga njo alikuwa anamusomea vipimo, mwaka nzima. Na mie nilitaka akuwe moniteri hivyo hivyo. Anafundisha na mikono, macho ni ya nini? Lakini weye ulisema mbele ya wakubwa, mama. Kisha weye kusema, ningefanya nini?"

Sikula tena. Nilikuwa na hasira ya kutosha kupindua ile meza. Uwanja mzima wa wanaume ulijua, mama yangu alijua, na siri wakamficha mtu mmoja tu, yule aliyepewa kazi ya kuibeba. Lakini chini ya hasira kulikuwa na furaha, nakiri, furaha ya mfungwa aliyesikia shahidi mpya amepatikana. Kwa hiyo halikuwa kosa langu. Wiki hiyohiyo nilikodi pikipiki mpaka Niemba kwenda kumwambia.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, akimenya karanga kwa vidole vile vile vya kovu. Alikuwa haoni kitu tena. Nilimweleza maneno ya shefu yote, moja baada ya lingine. Alisikiliza bila kusimamisha mikono.

"Najua," alisema. "Kalunga aliniambiaka zamani."

"Basi Papa, kama unajua kama walijua, juu ya nini miaka yote hii haunisemeshi?"

Sasa mikono ikasimama.

"Unafikiri ni juu ya macho? Macho, Mungu njo alikamata. Nyumba, wenye nyumba njo walikamata. Ile injini ilikuwa kazi yangu ya mwisho, na nilijua ni ya mwisho. Nilikuomba rangi, sikukuomba mikono. Weye ukasimama mbele ya watu, ukasema zote sita ni mie. Hii ni weye ulikamata."

Nilitaka kumjibu kwamba nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa nimeliandaa jibu hilo tangu nikiwa na miaka kumi na mbili, lilikuwa tayari mdomoni. Lakini niliikumbuka sauti yangu ya siku ile, na kidevu changu kilivyopanda. Kuhusu macho nilidanganyika. Kuhusu sifa sikudanganywa na mtu. Nilizitaka, na nilitaka watu wamwangalie yeye kidogo na mimi sana.

"Ni kweli, Papa," nikasema. "Nilijua kama kazi ni yako. Nilitaka waseme ni yangu. Unisamehe."

Kuku walikuwa wanazunguka miguuni mwetu wakidonoa maganda. Hakukuwa na mtu mwingine uani.

"Kule ulisema mbele ya watu," alijibu. "Hii unaniambia mie peke yangu."

Nilimwahidi kwamba nitasema. Nilimwahidi nitakwenda kwa Papa Kalunga, kwa wazee wa kambi waliobaki, nitawakusanya. Alitikisa kichwa akarudi kwenye karanga zake. Nilirudi Kalemie, shule zikafunguliwa, kukawa na mitihani ya kusahihisha, na Papa Kalunga akafa kabla sijafika kwake.

Papa mwenyewe alimfuata kabla ya mavuno ya karanga yaliyofuata. Tulimleta kuzikwa Kalemie, na watu walijaa, wazee wa karakana wamekaa safu ya mbele na makoti yao, yule shefu na fimbo yake kati yao. Kaka yangu alinipa nafasi niseme kwa niaba ya watoto, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu. Nilisimama. Nilisema Papa alikuwa fundi hodari na mzazi mwema, nikawashukuru waliotoka mbali, na bila kuitaja injini nikakaa.